Seva Zimehama, Mtu wa TEHAMA Amebaki

Mwaka 2024 kaya nyingi za Kata ya Nkende, hapa Tarime Mjini, zilifanya kazi ya idara ya TEHAMA bila malipo na bila kujua. Mtu alinunua umeme kama siku zote, kwa simu au kwa wakala, akaletewa mafungu matatu ya namba badala ya moja, kila fungu tarakimu 20. La kwanza likaingizwa kwenye mita, likakubali. La pili vilevile. Uniti zilisoma baada ya la tatu. Bibi aliyezoea kuingiza namba zake mwenyewe alimwita mjukuu, mjukuu akakosea tarakimu moja katikati, wakaanza upya, na TANESCO ikapata lawama zake za kawaida.

Chanzo cha usumbufu ule kilikuwa mbali sana na Tarime. Mita za LUKU zinafuata utaratibu wa kimataifa wa mita za malipo ya kabla. Kila namba ya umeme inayotolewa hubeba ndani yake dakika iliyotengenezwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na mita huikumbuka ili namba moja isitumike mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 na ushee, karibu miaka 32. Dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Kuanzia hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ambayo haijabadilishwa ingeikataa kila namba mpya kwa kudhani ni ya zamani. Mafungu mawili ya mwanzo yalikuwa ya kuielekeza mita ihesabu kutoka mwaka wa karibu zaidi. Ng'ambo ya mpaka, Isebania, wateja wa Kenya Power walikuwa wanahangaika na tarakimu zilezile.

Nalipenda zoezi lile kwa sababu linaonyesha kazi ya TEHAMA ilivyo siku hizi kuliko semina yoyote niliyowahi kuisoma kwenye ratiba. Tatizo lilikuwa la kihesabu, lakini dawa yake haikuwa ndani ya kompyuta ya makao makuu. Ilikuwa kwenye ukuta wa kila nyumba. Mhandisi wa mifumo, hata angekuwa bingwa kiasi gani, alihitaji wakala wa dukani, mtangazaji wa redio, mwenyekiti wa mtaa, meneja wa TANESCO wa wilaya na yule mjukuu. Sehemu ndogo ya kazi ilikuwa programu. Kubwa iliyobaki ilikuwa kuwaeleza watu jambo gumu kwa maneno mepesi, kwa wakati, kabla mita hazijagoma.

Shirika hilohilo lilikuwa limepitia siku mbaya miaka mitatu nyuma. Mei 2021 mfumo wa kuuzia LUKU uligoma nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na fedha mkononi na giza nyumbani. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, aliagiza wakuu wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi, na taifa likapata habari kwamba TANESCO ina wakuu wa TEHAMA. Uamuzi ule ulifurahisha wengi waliokuwa gizani, nami sioni ajabu. Lakini kuna swali lililopita bila kuulizwa kwa sauti. Shirika ambalo sehemu kubwa ya mauzo yake hupita kwenye dirisha moja, na dirisha hilo ni programu, liliwezaje kuliona dirisha hilo kuwa jambo la idara moja ya ndani, sawa na ukarabati wa viti? Mauzo yakigoma, ni biashara nzima imegoma. Meneja mkuu, mkuu wa fedha na mkuu wa huduma kwa wateja wote wana hisa katika giza lile.

Sasa tutoke kwenye mashirika makubwa, tushuke hadi halmashauri, maana huko ndiko mwananchi wa Nkende anakokutana na mabadiliko uso kwa uso.

Kwa miaka mingi muundo wa halmashauri zetu ulikuwa na kitengo kilichochanganya TEHAMA na uhusiano. Tafsiri yake kwa vitendo ilikuwa hii: kijana aliyesoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu asubuhi anatoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya masijala, mchana amebeba kamera nyuma ya msafara wa mkuu wa wilaya, jioni anaandika habari ya ziara kwa ajili ya tovuti. Siku hizi mambo hayo mawili yametenganishwa katika muundo. Mazoea hayajatenganishwa. Printa ikikwama bado ni yeye, projekta ya baraza la madiwani ikigoma ni yeye, na mkurugenzi akisahau nywila yake ni yeye tena.

Wakati huo kazi yake halisi imeondoka chini ya miguu yake. Mapato ya ndani yalikuwa kwenye mfumo uliojulikana kama LGRCIS, sasa yako kwenye TAUSI. Malipo yalitoka EPICOR yakaenda MUSE. Manunuzi yalianza na TANePS, na tangu tarehe 1 Oktoba 2023 taasisi za umma zikatakiwa kununua kupitia NeST. Upimaji wa watumishi uliofanywa kwa fomu za OPRAS sasa ni PEPMIS. Kila ada ya serikali ina namba ya malipo, ile ambayo kila mtu mtaani huiita kontroo namba, kutoka lango la malipo lililoanza kazi mwaka 2017. Mifumo hii yote inatengenezwa, inatunzwa na kubadilishwa ngazi ya taifa. Afisa wa Tarime hana seva yake, hana ruhusa ya kugusa programu, hawezi hata kuhamisha kitufe kimoja kwenye ukurasa. Ana simu ya kumpigia mtu wa TAMISEMI, na mara nyingine mtu huyo anapokea.

Hali hii si ya Tarime peke yake. Benki, viwanda na magazeti mengi duniani yamezima vyumba vyao vya seva na kukodi nafasi kwenye mitambo ya Amazon au Microsoft. Kila mahali idara ya TEHAMA imeamka asubuhi ikakuta kile kilichoipa heshima, yaani ufunguo wa chumba chenye baridi, hakifungui kitu cha maana tena. Nyingine zimejibu kwa kujenga urasimu: fomu za kuomba huduma, idhini juu ya idhini, katazo la kila programu mpya. Nyingine zimegeuka maghala ya kompyuta mpakato. Chache zimekubali kwamba kazi iliyobaki ni ngumu kuliko ile ya zamani na zinataka watu wa aina nyingine, au watu walewale wakae kwingine.

Nadai kwamba huku kwetu watu walewale wanatosha. Wakae kwingine tu.

Chukua mashine ya POS, ile ya kukusanyia ushuru. Kwa miaka kadhaa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikizitaja halmashauri mbalimbali kwa mambo yaleyale: fedha zilizokusanywa kwa POS hazikufikishwa benki, na mashine zilikaa nje ya mtandao muda mrefu bila maelezo. Mkaguzi anaona pengo kwenye takwimu. Haoni siku ya mnada wa ng'ombe. Siku hiyo mkusanyaji ana mashine ambayo betri yake inaisha kabla ya adhuhuri. Laini yake haina bando kwa sababu fedha ya bando hutoka kwa kuchelewa. Minara imezidiwa kwa kuwa watu elfu wanapiga simu za bei ya ng'ombe kwa wakati mmoja. Au basi mashine ni nzima kabisa, na mkusanyaji ameizima mwenyewe kwa sababu anazozijua. Mteja akiuliza risiti, jibu ni moja katika hali zote hizo: "Mura, mtandao unasumbua."

Ofisini haiwezekani kuzitofautisha. Takwimu itakuambia mashine fulani ilikuwa kimya saa sita. Afisa TEHAMA aliyesimama mnadani kutwa, akanywa chai na wakusanyaji, akaona mashine ipi hufa saa ngapi na nani huwa ana haraka ya kuizima, huyo anajua. Akirudi ofisini na daftari la hitilafu lenye saa, mahali na chanzo, ana kitu ambacho watengenezaji wa mfumo huko juu hawana namna ya kukipata bila yeye. Ripoti kama hiyo inaweza kubadilisha mfumo wa nchi nzima. Simu ya kulalamika kwamba "mfumo uko chini" haibadilishi lolote.

Na kuna mambo ambayo mashine haiwezi hata ikiwa nzima. Suala la mnada wa mpakani wa Magena limewahi kufika bungeni, kwa sababu ng'ombe wa Tarime wamekuwa wakivuka kwenda Kenya kwa njia za panya. Ng'ombe aliyevuka usiku hakatiwi risiti ya POS. Mtaalamu wa mifumo anayeijua biashara ya hapa angemwambia mkurugenzi hivyo kabla ya kuagiza mashine nyingine kumi.

Na kuna siku mtandao husumbua kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba kuanzia Dar es Salaam hadi Musoma na nchi jirani. Hakuna kitengo cha halmashauri ambacho kingeweza kupiga mbizi kuunga waya. Kingeweza, hata hivyo, kuwa na utaratibu ulioandikwa na kufanyiwa mazoezi: stendi inakusanyaje, zahanati inaandikaje wagonjwa, nani anatangaza nini na saa ngapi. Nahofia mahali pengi mpango ulikuwa kusubiri.

Nchi hii ilishawahi kulipa ada ya kujifunza kwamba mtu wa kompyuta lazima aijue kazi anayoihudumia. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hapo mfumo wa hesabu za Hazina ukavurugika vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wachambuzi waliochunguza mkasa ule walionyesha utegemezi kwa wataalamu na wauzaji wa nje, na uhaba wa watu wa ndani walioielewa mashine na hesabu za serikali kwa pamoja. Tuliifungia mashine kwa kosa la mpangilio wa watu. Ilichukua miaka mingi kulegeza katazo lile. Ndiyo maana naliona lango la malipo la 2017 kuwa habari kubwa kuliko inavyosemwa: Wizara hiyohiyo ya Fedha, safari hii kwa kutumia wataalamu wake, walioijua njia ya shilingi ya serikali kutoka kwa mlipaji hadi Hazina, ilijenga kitu ambacho hata muuza maandazi anakitumia. Akili za kompyuta zilikuwapo nchini hata kabla. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeandika programu alikuwa karibu na mhasibu.

Ukaribu huo ndio ninaoutaka Tarime. Mwendo mfupi kutoka hapa kuna mgodi wa North Mara, ulio chini ya kampuni ya Barrick tangu ilipoichukua kampuni ya Acacia mwaka 2019, na ambao serikali ina hisa za asilimia 16. Una migogoro yake na wananchi wa Nyamongo, na makala hii haiisafishi. Lakini katika migodi mikubwa ya leo mtu wa mifumo hana anasa ya kujifungia. Kompyuta ya kupanga malori ikizima, malori yanasimama, na kila saa ina bei inayojulikana. Kwa hiyo mtu huyo huvaa kofia ngumu na buti, na anajua mwamba unatoka wapi unaelekea wapi. Kule Sirari, mpakani, mfanyabiashara mwenye laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania, amekuwa akiweza kutuma M-Pesa kuvuka mpaka tangu mwaka 2015. Mabadiliko hayakumsubiri mtu yeyote afungue barua.

Halmashauri haipotezi malori, ndiyo maana inaweza kukaa na tatizo mwaka mzima bila kushtuka. Hasara yake ipo kwa watu wasio na mahali pa kuipeleka. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni fedha nyingi. Mlango wake ni NeST. Kikundi cha akina mama wa Nkende wanaoshona sare za shule, ili wapate hata zabuni ndogo, inabidi wasajiliwe kwenye mfumo, wawe na namba ya mlipa kodi, anwani ya barua pepe, nyaraka zilizoskaniwa, na mtu wa kujibu mfumo unapouliza kitu kwa lugha ya kiofisi. Nani wa kuwashika mkono? Afisa manunuzi atasema hilo ni la TEHAMA. Afisa TEHAMA atasema hilo ni la manunuzi. Afisa maendeleo ya jamii, ambaye ndiye hasa anawajua akina mama wenyewe, huenda hajawahi kuingia NeST. Mwishowe wataenda kwa kijana wa stationery stendi, atawajazia kwa malipo, na nywila ya kikundi itabaki kwenye daftari lake.

Huyo kijana wa stationery, kwa maoni yangu, ndiye idara ya TEHAMA ya kweli katika miji yetu midogo. Anajua NIDA, anajua mikopo ya vyuo, anajua ajira portal, anajua hitilafu za kila mfumo kwa saa na siku. Hakuna aliyemwajiri wala anayemsimamia. Kitengo chenye akili kingemwita kikaketi naye mara moja kwa mwezi.

Jambo lingine linapita chini ya meza. Mfumo unaotumika kuliko yote katika ofisi za umma haujawahi kununuliwa na ofisi yoyote, nao ni WhatsApp. Taarifa za shule, picha za fomu, majina ya wagonjwa waliopewa rufaa, orodha za wanufaika zikiwa na namba za NIDA, vyote vinazunguka kwenye makundi ambayo nusu ya wanachama walishahamia wilaya nyingine. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na tume yake ipo. Sasa imeongezeka akili mnemba: mtumishi anaandikiwa barua na taarifa ya robo mwaka na ChatGPT kwenye simu yake, na ili iandike vizuri anaipa majina na namba za watu. Simlaumu. Kazi ni nyingi na Kiingereza cha ofisini kinachosha. Lakini mtu pekee ofisini anayeweza kumweleza ni kipi kibandikwe pale na kipi kisibandikwe yuko masijala, amepiga magoti, anavuta karatasi kwenye printa.

Nitaambiwa hakuna watumishi. Kweli, kitengo cha halmashauri ni cha watu wachache mno kwa kata zote. Nitaambiwa pia mifumo ikiwa ya taifa, ngazi ya chini haina mamlaka. Hilo nalikubali nusu. Kuiweka mifumo pamoja kumesaidia: miaka ya nyuma kila taasisi ilinunua programu yake, hazikuzungumza, na wauzaji walineemeka. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilikuja kwa sababu. Sitaki Tarime iandike TAUSI yake. Nataka sauti ya Tarime isikike kwenye TAUSI inapobadilishwa, na sauti hiyo iwe na ushahidi.

Basi printa apewe fundi wa mkataba, mjini wapo. Afisa TEHAMA mmoja ahamishie meza yake kwenye ofisi ya mapato, mwingine akae na afya kwa miezi kadhaa, asiende kama mgeni wa kufunga nyaya bali ajifunze ushuru unakatwaje na dawa inatoka stoo kwa karatasi gani. Kipimo chake katika PEPMIS kisiwe idadi ya kompyuta alizosafisha virusi. Kiwe ni siku ngapi POS za halmashauri zilikuwa hewani, na vikundi vingapi vilifika mwisho wa usajili wa NeST. Awe na nafasi ya kusema "bado" mbele ya menejimenti mfumo mpya unapoletwa siku tatu kabla ya kuanza kutumika na hakuna mhudumu wa zahanati aliyeuona. Na awe na namba ya mtu, mtu mwenye jina, kwa watengenezaji wa kila mfumo, anayelazimika kumjibu kwa maandishi.

Gharama ya yote haya ni ndogo kuliko kompyuta mpakato tano. Nyingi ni nauli, vocha na ujasiri wa mkurugenzi. Ugumu upo kwa wakuu wa idara, ambao wamezoea TEHAMA kama huduma ya kuita kwa simu na hawatafurahi kumwona kijana yule akiketi kwenye kikao cha mapato na kuuliza kwa nini mashine ya stendi huzima kila Ijumaa mchana.

Madiwani wanaweza kuanza mapema zaidi. Taarifa ya kitengo ikisomwa kwenye baraza, na kawaida husomwa mwishoni watu wakiwa wamechoka, diwani mmoja aombe orodha ya POS zilizokaa kimya zaidi ya siku moja katika robo ile, mahali zilipokuwa na sababu ya kila moja. Kama orodha haipo, baraza limuulize mkurugenzi ni lini mtu wa TEHAMA alifika mnadani mara ya mwisho, na alipewa nauli na nani.